Juzuu ya Saba

Mtu akiniuliza nimesoma nini wiki hii, humtajia kitabu chochote kilicho karibu ili aniache. Wiki ya kusoma ninayoikumbuka mimi ni moja tu. Ilikuwa Bagamoyo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa nimemaliza darasa la saba na nipo tu nyumbani.

Baba alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Misahafu ya misikitini, daftari za mahudhurio za shule, vitabu vya watu binafsi, vyote vililetwa barazani kwetu vikiwa vimeng'oka migongo. Alivishona kwa sindano ya shazia na kuvipaka gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa ngano na mrututu, ili mende wasivile. Nyumba nzima ilinuka gundi hiyo, mpaka nguo zetu za Idi. Hakuna kitabu hata kimoja kilichokuwa chetu, lakini kabla havijarudi kwa wenyewe tulikuwa tumeshavisoma.

Alhamisi moja mwalimu kutoka Fukayosi alishuka kwenye basi na mihogo ya kututunza kwenye kikapu, na kitabu cha hadithi kilichoachana kabisa. Akasema angekifuata Ijumaa ya wiki iliyofuata. Baba alikigeuza geuza, akamtazama dada yangu aliyekuwa ameegemea mito karibu na mlango, kisha akazikata nyuzi zilizobaki na kukigawa vipande saba.

"Hiki tutakisoma kama hitima," alisema. "Kila mtu na juzuu yake."

Kwenye hitima msahafu huletwa ukiwa juzuu thelathini mbalimbali, kila mtu akachukua moja, na kwa kikao kimoja Kurani nzima ikawa imesomwa. Sisi wasomaji tulikuwa wawili tu. Baba alikuwa na kazi zake, na mama alijua herufi za Kiarabu tu. Hadithi za vitabuni hakuzijali, au ndivyo nilivyodhani. Basi ikapangwa hivi: mimi nisome juzuu moja kila siku, jioni nimpe dada, naye aisome kesho yake. Mimi ningemaliza Jumatano. Yeye angemaliza Alhamisi, na jioni hiyo baba angekishona.

Dada alikuwa amenizidi miaka sita. Moyo wake uliharibika utotoni, baada ya homa ya muda mrefu, na mwaka ule miguu ilipoanza kuvimba mumewe alimrudisha kwetu kutoka Mlingotini. Hakuweza kulala chali, alilala ameketi. Alisoma kwa sauti ndogo, polepole, akipumzika kila baada ya mistari michache, na mimi nilimwona kama anayejichelewesha makusudi.

"Wewe unasoma kama unayefukuzwa na mbwa," aliniambia. "Umekula maneno yote, hata ladha huijui."

Kitabu kilimhusu mama aliyepotelewa na mwanawe mdogo sokoni, akawa anamtafuta mji hata mji. Kufikia Jumapili dada alikuwa hana mazungumzo mengine. Kila aliyekuja kumtazama alisimuliwa mama yule amefika wapi. Uani mama yetu alikuna nazi, akachambua mchele, akasonga ugali, wala hakutia neno.

Jumatatu dada aliomba kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, ile ambayo baba aliitumia kuimarishia majalada, akaandika vitabu atakavyovisoma baada ya hiki. Alivipanga vitabu vyote vilivyokuwa rafuni vikingoja kushonwa: kwanza kile cha mashairi kisicho na jalada, halafu historia ya nchi, halafu hesabu za darasa la sita kwa sababu hesabu zilimshinda shuleni, na mwisho kitabu cha ufugaji wa nyuki. Orodha ilifika mpaka mfungo wa Ramadhani. Tulimcheka sana kwa wale nyuki. Baba naye alicheka, kisha akatoka nje akakaa barazani bila kufanya kazi. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba daktari alikuwa ameshazungumza naye. Vitabu vile vya orodha nimevisoma vyote, hata cha nyuki.

Jumanne akamwaga chai ya tangawizi juu ya juzuu ya tano. Baba alikuja juu, maana kitabu ni mali ya watu, na aliyegombezwa ni mimi: kwa nini nimwachie mgonjwa karatasi na kikombe pamoja? Dada alisema ni kosa lake, lakini nani wa kumgombeza mgonjwa? Nilizianika zile kurasa moja moja juu ya kamba huku nimenuna, na nikalala nimenuna.

Jumatano mchana nikamaliza juzuu ya saba. Nilikuwa nimekaa kizingitini, na dada aliniona nikiifunga. Yake ya siku ile ilikuwa bado haijafika nusu. Pumzi zilikuwa fupi, na midomo imebadilika rangi.

"Niletee hiyo ya mwisho, mdogo wangu," akasema. "Hii nitairudia."

"Zamu yako kesho."

"Basi usinipe. Niambie tu. Alimpata?"

Uani mbuzi ya nazi ikanyamaza. Nakumbuka hivyo kwa sababu nilidhani mama anakuja kunikaripia, na nikajitayarisha kujitetea.

"Utasoma mwenyewe kesho," nilisema.

Miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilimnyima ili awe na kitu cha kumfikisha kesho. Ni uongo. Nilikuwa na kinyongo cha ile chai, na nilifurahi kwamba mara moja kuna kitu ninacho mimi na yeye hana. Hakunisihi tena. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye juzuu yake.

Alhamisi asubuhi, tulipokuwa tukimpangusa uso ili anywe uji, alifariki. Alizikwa baada ya sala ya alasiri. Ijumaa mwalimu wa Fukayosi alikuja, akakuta mikeka imetandikwa barazani. Akaketi na waombolezaji, na habari ya kitabu hakuigusa.

Siku ya tatu ikasomwa hitima. Juzuu zilizogawiwa barazani baba alizishona kwa mkono wake miaka mingi nyuma, na aliyezigawa ni yeye mwenyewe. Mimi nilisoma yangu pamoja na wanawake chumbani, nikairudisha, kisha nikaenda kwenye chumba cha dada. Godoro lilikuwa limekunjwa, kitanda kimebaki kamba tupu. Nikaitoa juzuu ya saba pale nilipoificha Jumatano jioni badala ya kumpa, nikasimama pale na kuanza kumsomea. Nilisoma kwa sauti, polepole, kama alivyopenda yeye. Nilisoma vibaya kwa sababu nilikuwa nalia.

Nilipoinua uso mama alikuwa mlangoni. Nilidhani atasema nina wazimu, kusoma hadithi siku ya hitima. Akaingia, akaketi juu ya zile kamba.

"Alimpata?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Yule mama. Mwanawe alimpata?"

"Alimpata."

Akajifunika uso kwa upindo wa kanga. Huko barazani walikuwa wamefika kwenye dua, wanaitikia amina. Akasema taratibu, bila hasira yoyote:

"Si ungemwambia, mwanangu."