Uso wa Dada Luciana

Marehemu Hermenegildi, Mungu amrehemu, hakukubali kuharakishwa akishika kamera. Kibandani kwake Kibaoni vijana walimtania kwamba wao wameshapiga picha mia kwa simu huku yeye bado anapima mwanga. Alicheka nao, akaendelea kupima.

Mwaka dada yake Luciana alipotimiza sabini, alikuja kutoka Mofu na sare yake ya akina mama wa parokia, nyeupe na bluu, ndani ya mfuko. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Katika picha zake zote nguo zilionekana vizuri, uso ukawa kivuli tu. Alitaka picha moja yenye uso, aione mwenyewe kabla macho hayajapofuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Usinitoe kama gunia la mkaa, kama alivyofanya yule mpiga picha wa harusi ya Edna."

"Yule alipima mwanga wa nguo. Mimi nakupima wewe."

Akamkalisha kivulini, ukutani. Mkanda wa picha ulikuwa wa kasi ya 400, lakini kamera akaiweka kwenye 100, ili mwanga uingie mara nne ya kawaida. Kisha akasogeza kipimo cha mwanga hadi shavuni, chini ya kilemba.

"Mbona unaninusa?"

"Tulia, dada."

Mkanda ukaenda Dar kwa basi kusafishwa. Luciana akabaki kwa mdogo wake akisubiri, ingawa mpunga wake Mofu ulikuwa unaliwa na ndege. Baada ya wiki mbili picha ikarudi pamoja na mkanda. Luciana akaisogeza hadi puani.

"Gildi, sijioni."

Fundi wa Dar alidhani mwanga ulizidi kwa bahati mbaya, akaikoleza picha ili bluu ya sare iwake. Uso ukazama gizani. Hermenegildi akauinua mkanda dirishani, akauangalia kwa muda mrefu.

"Umo humu, dada. Mkanda wa rangi ukishiba mwanga haupotezi kitu. Ukinyimwa ndipo unapopoteza."

"Basi nitoe."

Akaurudisha Dar na barua: *Ndugu katika Kristo, mwanga huu niliuzidisha makusudi. Tafadhali usiitie picha giza. Mwenye uso anausubiri.*

Wiki nyingine mbili. Jirani wa Mofu akaleta habari kwamba ndege wamefika katikati ya shamba. Luciana akasali rozari yake, hakuondoka.

Picha iliporudi safari hii, bluu ilikuwa imepoa kama kitenge kilichofuliwa miaka mingi, na ukuta umekuwa na wekundu mwepesi wa ndani ya pera. Katikati ulikuwapo uso, na mikunjo yake, na kovu dogo juu ya nyusi.

Luciana alisimama mlangoni, akaipeleka picha huku na huku.

"Kumbe nimefanana na mama hivi," akasema taratibu.

Hermenegildi akasogea, bado ana wasiwasi wa kazi yake. "Rangi hazijapauka mno?"

"Rangi nazijua. Hebu ondoka hapo, unanizibia mwanga."