Nimepiga meza kwenye arobaini ya Mama Nyemo

Wapigakura wangu, leo nimejiaibisha huku kijijini Mvumi.

Tulikuwa kwenye arobaini ya Mama Nyemo, yule aliyekuwa ananipigia simu kila asubuhi kuniuliza habari za kisima.

Mumewe akasimama, akasema, “Jana maji yalitoka.”

Mazoea ya bungeni hayo! Nikapiga meza kwa furaha, pa! pa! pa! Bakuli la mboga ya mlenda likamwagikia shati la mchungaji.

Nikamgeukia mume wa marehemu.

“Nisamehe, baba.”

“Piga tu, mwanangu. Mama yako alisema maji yakitoka utapiga meza, na yakikatika atakupigia simu.”

Jamani, tulicheka huku tunafuta machozi.

Nani mwingine alikuwa anaamshwa na Mama Nyemo?

Mimi namba yake siifuti.