Wananitaka Niwaambie Watu "Hakuna Nyongeza"

Admin, ficha jina langu lakini usifiche uzee wangu, huo nimeufanyia kazi. Niko na miaka sabini na moja, naishi Suna hapa Migori, mke mmoja, meno machache. Shule nilifika darasa la sita, la saba nililiona kwa dirisha. Niko na duka dogo, mwaka wa thelathini na nne huu. Sukari, chumvi, mafuta ya kupima, sabuni ya kukata.

Watu wananijua kwa kitu kimoja: nyongeza. Nikishapima sukari na mizani ikatulia, nachota tena kijiko kimoja naongeza. Hicho hakipimwi. Hata mtu tumenuniana naye namwongezea kwanza, ndio namtukana. Mama akifika hata salamu hasemi, ni "Jaduong', medna." Mzee, niongezee. Namjibu, "Nikuongezee nini tena, na mwili wote huo?" Anacheka, naongeza. Hivyo ndivyo tumezeeka.

Mwaka jana wageni wakafungua supamaketi yao ng'ambo ya barabara. Ni kampuni ya nchi nyingine, jina lake silitaji, sina wakili. Mlango unajifungua wenyewe kama umeona mzimu. Siku ya kwanza walipiga muziki mpaka kuku wa jirani akasahau kutaga. Nilikaa kwa benchi yangu nikacheka, nikaambia mke wangu, "Waache waende. Watarudi. Kule nani atawaongezea?"

Hawakurudi. Bei ambayo wao wanauzia sukari ni chini ya ile mimi nanunulia kwa holsela. Kushindana nao ni kusukumana na lori la miwa. Asubuhi nafungua, napangusa mizani, nakaa. Jioni nafunga. Mizani imekuwa safi sana siku hizi.

Sasa sikilizeni. Kuna bibi mmoja sisi wote tunamwita Dani, yaani nyanya, ingawa amenizidi miaka michache tu na anajua namjua ujana wake. Huyo ndiye alinunua kwangu kibiriti cha kwanza siku nafungua duka. Juzi alivuka barabara akitoka supamaketi, akaingia kwangu, akaweka juu ya kaunta pakiti ya sukari yenye jina lao. Akaifungua. Akasema, "Medna."

Nikafikiri macho yake yameharibika. "Dani, hii si yangu. Umenunua kule."

"Najua. Kwani mimi ni kipofu? Nimemwomba yule msichana wa keshia aniongezee, akaniambia mashine haijui kuongeza. Nikamuuliza, na wewe huna mkono? Watu kwa laini wakaanza kunipigia kelele."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Sukari ni yao, nyongeza ni yako. Ama tumekosana?"

Niliangalia ile pakiti. Nilingoja hasira ije. Nilingoja sana, haikuja. Nikachukua kijiko, nikachota kwa gunia langu, nikamwongezea. Akasema asante, akauliza mgongo wangu unaendeleaje, akaenda. Mimi nikakaa.

Kumbe Dani ana mdomo kama redio. Wiki hiyo walikuja wengine. Wananunua kule, wananiletea niongeze. Hawanidharau, hiyo ndiyo shida. Wanakuja na heshima zote, wananiuliza habari za nyumbani. Na mimi nachota tu. Mke wangu, mtu wa Mbita, na watu wa huko hawamezi neno, alisimama nyuma yangu akaangalia gunia linavyoshuka, akasema, "Baba Akoth, wewe umekuwa kanisa? Hata kanisani wanapitisha kikapu."

Nikachota kijiko kingine. Sijalia, sijagombana na mtu. Moyo ni kama mguu uliolaliwa, naugonga hausikii.

Alhamisi akaja maneja wa kule, kijana mpole, shati ndani ya suruali. Alinunua soda, akainywa yote akiwa amesimama. Akasema, "Mzee wetu, wamama wanasimamisha laini yetu wakidai nyongeza. Keshia wangu wanalia. Tumeambiwa wewe wanakusikiliza, na unaongea Kijaluo na Kikuria. Njoo tukupe yunifomu na kofia yake, na kiti, na mshahara kila mwezi. Ukae karibu na keshia, uwaambie tu polepole kwamba hapa hakuna nyongeza."

"Na duka langu?"

Akaangalia rafu zangu. Akarudisha chupa. Ana adabu, siwezi kusema uongo.

Anataka jibu Jumatatu. Mke wangu anasema niende: "Miaka yote umeongea bure, sasa unalipwa." Na gunia lililobaki ni moja, na hilo nalo nusu. Nikikataa, nitafunga tu, labda mwezi ujao. Nikikubali, Dani atafika pale na pakiti yake, ataniona nimevaa kofia yao, atasema medna, na mimi nitafungua hii midomo nimwambie hakuna.

Jana nilijaribu. Mke wangu aliomba nimwongezee mchuzi, nikamwambia, "Hakuna nyongeza." Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaniona uso, akaacha. Nikamwongezea.

Sasa nyinyi wenye akili za simu, nasubiri neno lenu kabla ya Jumatatu: nivae ile kofia ama nikae na mizani yangu mpaka gunia liishe? Wa kutusi atusi, nimetusi wengi. Lakini ukishamaliza kunishauri, usikimbie. Chota tena kidogo, uweke juu. Medna.