Njugu Mawe na Kurasa Kumi na Mbili

Mama anauza njugu mawe za kukaanga Malaba, pale malori yanapopanga foleni kuvuka kuingia Uganda. Ndizo zilizonisomesha hadi chuo, Alupe, na kwa kiherehere changu nikaamua kuandika tasnifu juu ya njugu hizo: zilitokaje Afrika Magharibi zikafika shambani kwetu Moding?

Nilijuta. Mtandaoni kila makala ya maana ilidai dola, na za bure zilihusu mahindi. Msimamizi wangu alinirudishia kazi mara tatu.

"Hii ni stori ya nyumbani," alisema. "Sources ziko wapi? Usipoleta Monday, unarudia mwaka."

Mama asimame juani mwaka mwingine kwa ajili yangu? Nikaanza kuandikia maktaba, moja baada ya nyingine.

Hatimaye mhudumu wa maktaba moja Kampala alinihurumia, akanitolea nakala ya sura nzima ya kitabu kuhusu njugu mawe, kurasa kumi na mbili, akazituma kwa basi. Zilifika Ijumaa, nikazisoma hadi macho yakauma. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na orodha ya vitabu na makala, kile kile nilichokuwa nakitafuta. Nikaziacha mezani, nikalala.

Ujinga mtupu. Kwetu karatasi iliyoandikwa ikiachwa mezani ni ya kufungia njugu. Madaftari yangu yote ya shule ya msingi yaliishia mikononi mwa madereva. Asubuhi meza ilikuwa tupu, na mama ameshaondoka.

Nilimkuta kwenye foleni.

"Mama, karatasi zangu!"

"Si ulisoma jana ukamaliza? Nimefungia njugu. Customer ni wengi leo."

Nilikimbia lori hadi lori nikigonga milango, naomba takataka. Nilipata kurasa nne zilizolowa mafuta na chumvi.

"Pole dada," dereva mmoja aliniambia, "yangu nimepangusia kioo."

Malori ya mbele yalikuwa yameshavuka. Orodha ilikuwa imekwenda nayo.

Nilikaa vumbini nikalia mbele za watu, bila haya. Mama akaja, akafungua fundo la leso yake, akatoa ukurasa mmoja uliokunjwa vizuri. Ulikuwa na mchoro wa mmea wa njugu mawe, maganda yakiwa chini ya udongo. Mama hajui kusoma.

"Hii sikufungia," alisema. "Niliona ni njugu yetu, nikajua ndiyo unatafuta."

Niliupokea kwa mikono miwili, nikamwambia ndio wenyewe.