Duka Linalofunguka kwenye Kompyuta Moja

"Ada elfu kumi na tano, mwalimu! Nimeuza mbuzi wawili sokoni Siakago, na duka langu la mtandaoni halifunguki popote!"

Mama huyo alikuwa kwenye kaunta ya chuo kimoja cha kompyuta mjini Embu. Hapo alikuwa amefundishwa kutengeneza tovuti zinazotegemea plagini, kijiprogramu cha kuongezwa kwenye kivinjari. Vivinjari vya leo viliacha kukikubali kitambo.

"Hapa si linafunguka, mama?" mwalimu alisema, akipapasa kompyuta kuukuu yenye kivinjari cha zamani, iliyobandikwa onyo lililoandikwa kwa kalamu nene: HII MSIISASISHE.

"Kwa hivyo mteja wa asali atoke Muthara, aje akalie kiti chako ndio anunue?"

"Silabasi ndiyo inasema hivyo."

Mimi, niliyekuwa nikingoja zamu nyuma yake, kompyuta nilijifunza mwenyewe, na ubabaishaji hunipandisha hasira haraka. Siku hiyo nilichoka tu. Mwalimu alifundisha alichofundishwa, tena kwa bidii. Lakini aliyeandika lile onyo alijua somo limekufa, na ada ikaendelea kupokelewa.

Mama alikilaza cheti chake juu ya kibodi, muhuri ukitazama juu.

"Chako hicho. Nipe pesa zangu."