Jina Lisilo na Pingamizi

Katika usharika wetu pale Mbeya, miaka ile ya hamsini, mtu aliyependekezwa kuwa mzee wa kanisa alitangazwa Jumapili tatu mfululizo. Mwenye pingamizi alisimama akasema. Jumapili ya kwanza lilipotajwa jina langu nilihesabu waliosimama: hakuna. Nikahesabu tena: hakuna. Ya pili, vilevile.

Nilikuwa nauza mchele wa Rujewa sokoni. Muuza mchele asiyelalamikiwa na mtu hata mmoja, kuna kitu anaficha. Nami nilikijua.

Mvua zilipoanza, wiki kadhaa kabla ya jina langu kutangazwa, jirani yangu aling'oa mimea ya mpaka akaihamishia hatua nane ndani ya shamba la mjane aliyepakana naye. Nilikuwa napita, nikaona. Mjane alipokuja kuniuliza kama nimemwona aliyeihamisha, nilimjibu, "Mama, Mungu anaona." Jirani alipokuja kunipima kama nimeona, nikamjibu hivyohivyo. Wote waliondoka wakinisifu.

Sasa, Bwana aliwaonya wanaosifiwa na watu wote, kwamba manabii wa uongo nao walisifiwa hivyo. Ilibaki Jumapili moja. Nilitamani mteja mmoja tu anitukane. Nikakataa kupunguza bei hata senti; wateja wakasema, "Huyu mzee hana ujanja, bei yake moja."

Mke wangu, mtu wa Iringa, alinitazama nikisukuma sahani. "Unahangaika nini? Watu wanakupenda."

"Ndiyo shida yenyewe."

"Basi kawaudhi. Anza na jirani, hutahitaji wa pili."

Jumapili ya tatu mchungaji aliuliza kama yupo mwenye pingamizi. Nikasimama.

"Keti, ndugu. Anayetangazwa hasimami."

"Ninalo pingamizi, Baba Mchungaji. Nilimwona aliyehamisha mpaka wa mama huyu mjane, nikanyamaza ili nisichukiwe. Ni jirani yangu, yule pale."

Jirani alikohoa kwenye benchi lake. "Na mimi ndiye niliyempendekeza," akasema.

Uzee wa kanisa sikupewa. Jirani hakuniamkia tena mpaka mavuno. Jumatatu tulikwenda shambani na wazee watatu, nikawaonyesha mashimo ya mpaka wa zamani, na mimea ikarudishwa. Nilidhani mjane angenishukuru. Alikuwa amesimama katikati ya mahindi ambayo jirani alikuwa ameyapanda kwenye zile hatua nane, yamemfika magotini.

"Haya si yangu," alisema bila kunitazama. "Ungesema mvua zilipoanza, ningepanda mimi."