Malaria Iliyoishia Kidevuni

Nakiri mwenyewe, kabla dada yangu hajawasimulia kwa kutia chumvi. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya lazima, mtaa wetu wote hapa Ndera ulikuwa unazibua mitaro, na anayesamehewa ni mgonjwa tu. Mimi nilitaka kulala.

Shangazi ana krimu ya jua yenye zinki. Alishanifundisha kwamba zinki hukaa juu ya ngozi na kuzuia miale. Unapaka krimu ya kujaza urefu wa vidole viwili, usoni, masikioni na shingoni, kisha unarudia kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Mimi nilishika jambo moja tu: ukizidisha, unapauka kama maiti. Nikajipaka nusu ya krimu usoni, nikajifunika blanketi.

"Shangazi, nina malaria."

Akamwita mkuu wa mtaa aje kuniona. Nikakohoa kidogo. Mzee akanigusa paji la uso, akatazama kiganja chake kilichogeuka cheupe.

"Mama, malaria gani hii imeishia kidevuni?"

Shangazi alichukua krimu, akanipaka masikio na shingo taratibu.

"Sasa jua halitakuunguza, sha, mwanangu. Jembe liko mlangoni."